Miguu Iliyolala Baada ya Sindano

Kama umekaa kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha sindano hapa Nakuru, na vifungo vya chini vya shati umevifungua tayari, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Dresa Musa, yule anayewachoma sindano, ndiye aliyeniomba niandike, na amesema atawasomea wale wasiojua kusoma. Amenionya nisiwatishe watu. Nimemjibu kwamba mimi ni mkamuaji wa ng'ombe, sijui kupamba maneno, nitasema mambo yalivyokuwa.

Kwanza, chomwa sindano zako. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina dawa, na bila zile sindano huenda nisingekuwepo wa kukuandikia. Pili, ukisikia kitu kigeni mwilini, mwambie Musa siku hiyo hiyo. Mimi sikusema. Taabu niliyoipata huwapata wachache sana, na leo natembea, ingawa mguu wa kushoto unaburura kidogo jioni nikichoka. Lakini ningesema mapema, pengine ningelala kitandani wiki chache tu, si miezi.

Nilikuwa nakamua kwenye shamba moja la Mzungu nje ya Molo. Kiangazi kikikausha nyasi, ng'ombe wa maziwa kule hupewa viazi vidogo visivyofaa kupelekwa sokoni. Kila mkamuaji anajua hatari yake. Ng'ombe mwenye tamaa humeza kiazi kizima kikamkwama kooni, akatoa mate, akanyoosha shingo, akakoroma. Usipomwahi atavimba tumbo afe. Kwa hiyo hatukungoja daktari. Mmoja alimshika pua, mwingine akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono mdomoni mpaka kwenye kiwiko, akakitafuta kiazi na kukivuta. Mkono wangu ni mwembamba, basi kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilishatoa viazi vingi, na watu wakinisifu sikuwakatalia.

Jumapili moja jioni nilimkuta Maridadi, ng'ombe wetu mwenye maziwa kuliko wote, amenyoosha shingo, mate yanamchuruzika mpaka chini. Sauti yake ilikuwa imekauka. Nikasema, "Kiazi hicho." Nikaingiza mkono. Nilipapasa kushoto na kulia, nikasukuma mpaka nikafika mwisho wa koo. Hapakuwa na kiazi. Nilipoutoa mkono, meno yake ya nyuma yalikuwa yamenichuna ngozi mahali patatu. Nikanawa kwa maji ya ndoo, nikaenda kula.

Jumatatu miguu ya nyuma ya Maridadi ikaanza kuyumba. Jumatano ikalala kabisa, akawa anajiburuta kwa ile ya mbele huku akinguruma. Mke wangu Rael alikuwa ameniletea chai siku hiyo, akiwa na mimba ya miezi saba, mimba yetu ya kwanza baada ya miaka minne ya kungoja. Alisimama mlangoni mwa banda akamtazama yule ng'ombe, chai ikapoa mkononi mwake. Ijumaa Maridadi akafa. Daktari wa mifugo alikuja, akaona yale mate na miguu, akaamuru kichwa kikatwe kipelekwe Nairobi kupimwa kichaa cha mbwa. Halafu akauliza ni nani aliyemtia mkono mdomoni, na watu wote wakanitazama mimi.

Kesho yake nilipanda gari la moshi kwenda Nakuru, na barua ya bwana mfukoni. Nilifikia kwa mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi relwe. Kila asubuhi nilitembea kutoka kwenye landi zao, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hadi hospitali, vumbi la kiangazi linanijaa machoni, nikakaa kwenye hilo benchi ulilokalia sasa. Ukiona mahali mbao imeng'aa katikati, sisi ndio tulioing'arisha.

Nilichomwa tumboni, siku kumi na nne, sindano moja kila siku. Musa alikuwa na utaratibu wake. Leo kushoto juu ya kitovu, kesho kulia, keshokutwa chini kidogo, ili nyama isichoke mahali pamoja. Musa ni mtu wa mtaa wa Bondeni hapa mjini, babu yake alitoka pwani pamoja na reli, na Kiswahili chake kilitufanya sisi wa kutoka mashambani tujione tunatafuna mawe tukizungumza. Kando yangu alikaa mzee mmoja wa Kabazi aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Yeye kila siku alilalamika kwamba mbwa yule alikuwa na adabu kuliko wanawe.

"Mzee, tumbo hilo legeza," Musa alimwambia. "Ukilikaza hivyo sindano itanirudi mimi."

"Nalegeza namna gani na wewe unakuja na kitu kama msumari?"

Tulicheka wote. Nakumbuka nilicheka sana siku zile, kwa sababu nilihesabu sindano na niliona mwisho wake.

Siku ya kumi na moja niliamka nyayo zangu zikiwa na ganzi. Nilidhani nimezilalia. Nilipotembea kwenda hospitali nilihisi kama nakanyaga sufu, ardhi ipo lakini siisikii. Kufika jioni ganzi ilikuwa imepanda mpaka kwenye vifundo.

Sasa sikiliza kosa langu, maana mtu mwingine asingelifanya. Mkazi wa mjini angedhani ni uchovu, angemwambia dresa, na mambo yangeishia hapo. Mimi nilikuwa nimemwona Maridadi. Nilijua ugonjwa ule unaanzia wapi, unaanzia miguu ya nyuma. Nilipiga hesabu ya mkamuaji: Jumatatu kuyumba, Jumatano kulala, Ijumaa kufa. Nikaona kwamba kichaa kimeshanishika, na tumaini langu moja ni zile sindano tatu zilizobaki. Nikisema, nilifikiri, wataacha kunichoma, watanifungia chumba cha peke yangu ningoje siku yangu. Kwa hiyo niliingia kwa Musa nikitembea kwa uangalifu kama mlevi anayepita mbele ya mchungaji wake.

"Hujambo, Bwana Kiprono? Mwili unasemaje?"

"Sijambo. Mwili mzima."

Nilimdanganya hivyo siku tatu. Sindano ya kumi na mbili, ya kumi na tatu, ya kumi na nne. Baada ya ile ya mwisho nilikaa kwenye benchi nipumzike, na nilipotaka kuinuka, miguu haikuinuka nami. Nilianguka mbele ya mzee wa Kabazi, uso ukagonga saruji. Yule mzee alipiga kelele, "Dresa! Huyu mtu amekatika katikati!" Na kweli, kuanzia kitovu kwenda chini sikuwa na kitu.

Musa alikuja akapiga magoti. Alichukua sindano safi akanichoma kidole cha mguu, akapanda polepole, akiniuliza kila mara kama nasikia. Alipofika mbavuni nikasema ndiyo. Akaniuliza ganzi ilianza lini. Nilitaka kusema leo, lakini macho yake yalikuwa karibu mno.

"Siku ya kumi na moja," nikasema.

Hakunigombeza. Alikaa chini sakafuni, mikono magotini. Kisha akasema, "Ndugu yangu, ungeniambia siku ile, daktari angesimamisha dawa." Afadhali angenigombeza.

Basi nikalazwa. Mambo ya wodi wengine wameshayasimulia, mimi nitasema machache ambayo hakuna aliyeniambia. Mkojo ulikataa kutoka. Tumbo lilijaa likawa gumu, na mimi sisikii hata haja, mpaka wakanitia mpira wa kuutoa. Mara ya kwanza nilifunika uso kwa blanketi kwa aibu, mara ya kumi nilikuwa nazungumza habari ya viazi huku wakifanya kazi yao. Aibu huchoka kabla ya mwili, na hilo ni jambo la kushukuru. Nilipaswa kugeuzwa kila baada ya saa chache ili ngozi isioze, na Musa akishamaliza zamu yake alipita kunisugua visigino kwa spiriti. Sikusikia mkono wake, ila nilisikia harufu, na harufu ile ilinituliza.

Daktari mwenyewe alikuja na karatasi. Alizungumza Kiingereza, Musa akatafsiri, na naona tafsiri ilikuwa bora kuliko maneno ya daktari, maana daktari alisema kidogo na Musa akasema mengi.

"Katika damu yako mna askari," Musa alisema. "Chembe nyeupe, ndogo, huzioni. Kazi yao kulinda. Dawa tuliyokuchoma imetengenezwa kwa ubongo wa kondoo wenye ugonjwa, na ule ugonjwa umeuawa. Tunawaonyesha askari wako: mtazameni adui, mkimkuta mpigeni. Wengi wanaelewa. Wako wameelewa kupita kiasi. Wameshika sura ya adui na sura ya ubongo wa kondoo pamoja. Sasa wanapita katika uti wa mgongo wako, wanakuta mishipa yako inafanana na ya kondoo, wanaipiga."

Daktari akachora waya uliovikwa ngozi, kisha akachora mwingine ngozi imebanduka vipande vipande.

"Waya haujakatika," Musa akasema. "Umevuliwa nguo tu. Daktari anasema nguo inaweza kuota tena. Hawezi kukuapia."

"Kwa hiyo siyo ugonjwa wa Maridadi?"

"Siyo. Ni watu wako mwenyewe."

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo kila njia panda ilikuwa na askari, na hakuna mtu katika wodi ile aliyehitaji kufafanuliwa jinsi mlinzi anavyoweza kumpiga mwenye nyumba. Nilipewa vidonge vya kuwatuliza. Vilinivimbisha uso ukawa mviringo, vikanipa njaa ya kula mpaka mbao za kitanda. Baada ya wiki mbili niliweza kutikisa kidole kimoja, cha mguu wa kulia. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliwaita wenzake waje wakione, wakakizunguka wakakipigia makofi.

Mvua za kwanza zilinyesha nikiwa bado pale. Siku moja Musa alikuja na barua iliyoandikwa na karani wa shamba. Mkono wangu ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo akanisomea yeye, amesimama.

"Mkeo amejifungua salama. Mtoto ni msichana. Amezaliwa mvua ikinyesha, ameitwa Cherop." Akasita. "Mama yako anakusalimu sana. Anasema usiharakishe kurudi."

Akaikunja barua akaiweka chini ya mto wangu. Akasema mama wote husema hivyo, wanataka upone kwanza. Wote wawili tulijua sivyo mama yangu alivyokusudia. Kuanzia siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu duniani, kumpakata mtoto wangu. Kutembea kungefuata baadaye.

Nilirudi Molo mwezi wa tano, nikiwa nyuma ya lori lililokwenda kuchukua viazi, na magongo mawili ambayo sikuweza kuyatumia. Wanaume wawili walinibeba kutoka barabarani. Nilimwona Rael amesimama mlangoni na mtoto mgongoni. Aliutazama uso wangu uliovimba kama anatafuta mtu aliyemjua humo ndani. Nilinyoosha mkono. Mama yangu akapita katikati yetu, akamsukuma Rael ndani kwa upole.

"Apumzike kwanza," alisema.

Usimhukumu mama yangu. Alikuwa mjane, nami ni mwanawe wa pekee, na alihama kwake nilipolazwa, aje atutunze. Lakini shamba zima lilikuwa limemwona Maridadi akijiburuta, na sasa walimwona mkamuaji wake akijiburuta vilevile. Nilipomweleza habari ya askari na ubongo wa kondoo, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dawa gani inaua miguu ya mtu?" Watu walimwambia kwamba kichaa kile kinaweza kulala mwilini mwaka mzima kabla hakijaamka, na hilo, Musa alikuja kuniambia baadaye, ni kweli.

Basi nyumba ikagawanyika. Mimi nililala upande wa mlango. Rael, mtoto na mama walilala upande wa jiko. Kikombe changu kilikuwa peke yake juu ya msumari wake. Nyuma ya mlango paliangikwa kamba mpya ya katani, ya kufungia ndama, na sisi hatukuwa na ndama. Sikuuliza ni ya nini.

Kila asubuhi mama alileta maji katika sufuria, kwa kuwa kila mtu anajua mwenye kichaa huogopa maji. "Nawa," angesema. Nikanawa. "Kunywa." Nikanywa, naye macho yake yako kooni kwangu. Nikazoea kumeza kwa kelele ili asikie vizuri. Siku nyingine nilimdhihaki nikaomba sufuria ya pili. Lakini asubuhi moja baridi ilikuwa kali, mikono ikatetemeka kuliko kawaida, maji yakanimwagikia kifuani nikashtuka na kuitupa sufuria. Mama alimnyakua mtoto akakimbia nje bila shali. Rael alikuwa na ndoo mkononi, akarudi nyuma hatua moja. Hatua moja tu. Nilimwona, na yeye alijua nimemwona, akaenda zake bandani.

Nalia nikiandika hapa, na sioni sababu ya kukuficha.

Rael alikuwa akikamua mahali pangu. Nyumba ile ilikuwa ya mkamuaji, asiyekamua hana nyumba, kwa hiyo mtoto alipofikisha wiki sita alifunga kiuno akaingia bandani. Hakuwa amewahi kuifanya kazi ile. Alirudi viganja vimevimba, akavitia katika maji ya chumvi. Nilimwelekeza kutoka kitandani ni ng'ombe yupi anapiga teke na yupi hataki mkono baridi. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mume na mke, chuchu na mateke, lakini yalikuwa mazungumzo.

Mwezi wa sita jua lilipotoka walinitoa nje na kunilaza kwenye gunia kando ya mlango. Hapo ndipo memsabu alipokuja. Mke wa bwana alikuwa mwanamke mrefu, anayetembea kwa fimbo, mguu mmoja akiutupa kando kila hatua. Sisi wakamuaji tulisema ni pombe. Mimi hasa nilisema. Nilikuwa na ufundi wa kumwigiza, natembea kati ya ng'ombe nikitupa mguu, na watu walicheka mpaka wakamwaga maziwa. Sasa alisimama juu yangu akihema.

"Kiprono. Wewe nainamisha kichwa, namna hii, iko kitu nakimbia kwa mgongo? Kama stima?"

Jambo lile sikuwa nimemwambia mtu, hata Musa, kwa kuwa sikuwa na maneno yake. Kila nilipokunja shingo kutazama miguu yangu, kitu kiliniteremka mgongoni, kama siku ile nilipogusa waya wa injini ya maziwa.

"Iko, memsabu. Mpaka kwa miguu."

"Na wewe naoga maji moto, mguu nakuwa bure kabisa?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi iko hii miaka saba. Daktari yangu nasema labda damu yangu nakula mishipa yangu. Yeye hapana jua kwa nini. Mimi hapana pata sindano, hapana shika ng'ombe." Aliegemea fimbo. "Yako nakuja mara moja, nakwenda. Yangu nakwenda, narudi. Yangu najua njia ya nyumba."

Nilitaka kumwomba msamaha, nikakosa pa kuanzia, maana angeuliza msamaha wa nini. Nikasema, "Pole, memsabu."

"Pole wewe," akasema, akageuka. Nilimtazama akienda, na kwa mara ya kwanza niliona kazi iliyokuwamo katika kila hatua yake. Hakuwa rafiki yangu, wala sitasema alikuwa. Lakini katika shamba lile lote yeye ndiye aliyejua mwili wangu unasema nini, na tangu siku hiyo sikuigiza tena mwendo wa mtu.

Pareto ilichanua, mashamba yakawa meupe. Ukungu wa Molo ukashuka, ukakaa wiki nzima bila kuinuka. Nilianza kusimama nikishika mlango, kwanza nikihesabu mpaka kumi, kisha mpaka thelathini. Mapaja yalinibeba bila mimi kuyasikia, ilibidi niyatazame nijue yako wapi. Uso ulipungua. Mkojo ulirudi kwenye utaratibu, na kama unadhani hilo ni jambo dogo basi hujatiwa mpira. Lakini Cherop nilimwona kwa mbali tu. Nilimjua kwa sauti. Nilijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Siku alipocheka kwa mara ya kwanza nilikuwa nimetazama ukutani, nikasikia, na nilipogeuka alikuwa ameshanyamaza.

Mwezi wa nane, asubuhi moja baada ya kukamua, Rael aliingia akiwa amelowa ukungu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto na mtoto mapajani. Nilikuwa nimekaa kitandani, mgongo ukutani. Rael hakuvua hata gunia alilojifunika. Alisimama katikati ya nyumba, akamwambia mama, siyo mimi.

"Mama, mimi sasa ni mkamuaji. Nimekaa na ng'ombe miezi mitatu."

"Najua, binti yangu."

"Maridadi aliyumba Jumatatu. Jumatano akalala. Ijumaa akafa. Nilikuwa nimesimama pale." Alinionyesha kwa kidole bila kunitazama. "Huyu alilala wakati wa vumbi. Mvua ikaja, ikapita. Viazi vimepandwa, vimechimbwa. Bado anakula, bado anakunywa maji yako, sasa anasimama. Umewahi kuona ng'ombe wa kichaa akasimama tena?"

Mama alimvuta mtoto karibu na kifua chake.

"Nipe mtoto wangu, mama."

"Na kama watu wanasema kweli? Kama kimelala tu?"

"Basi kitatuamsha wote pamoja," Rael akasema. Sauti yake ilivunjika hapo, akaikaza tena. "Nimechoka kumwogopa. Mwanamume huyu ni wangu, na mimi nilirudi nyuma hatua moja, na ile hatua inanikera kila siku nikikamua. Nipe."

Mama aliinama, akamtazama mtoto kwa muda. Kisha akamtoa mwenyewe mapajani, akampa.

Rael akaja akamweka juu ya miguu yangu. Nami nikamshika. Ningependa kukuambia kwamba nilimsikia, lakini kweli ni kwamba vidole vyangu vilikuwa bado na ganzi, na mapaja hayakuwa na habari. Miezi minne nilikuwa nimeota uzito wake, na sasa nilimwona amekaa juu yangu kama ninavyoona kitu kilichowekwa juu ya meza. Alikuwa na nyusi za mama yangu. Alikishika kifungo cha shati langu akakivuta, na nikajua amekivuta kwa sababu niliona shati likisogea. Nilitabasamu ili Rael asitambue. Rael alitambua.

"Baba Cherop, humsikii?"

"Namwona," nikasema. "Inatosha."

Haikutosha. Nilikaa hivyo, sijui muda gani. Halafu Cherop akatulia ghafla, macho yamekodoka, kama wafanyavyo watoto wote wakiwa na shughuli. Na kwenye paja langu la kulia, mahali palipokuwa pamekufa tangu kiangazi, pakaja kitu. Kwanza sikukijua. Kilikuwa kidogo, kisha kikaenea, kikateremka kuelekea gotini. Moto. Kilikuwa moto, na kilikuwa changu.

Nikapiga kelele. Mama akaruka kutoka kwenye kigoda. Rael tayari alikuwa ameshanyoosha mikono kumwondoa mtoto, uso wake umebadilika rangi, maana aliona machozi yananitiririka na mdomo uko wazi, na bila shaka katika nyumba ile kila mmoja alidhani saa yenyewe imefika.

"Ananikojolea!" nikasema. "Rael, nasikia! Nasikia moto!"

Mikono yake ikabaki hewani. Akalitazama paja langu lililolowa, akanitazama usoni, akaanza kucheka na kulia pamoja, na bado alikuwa akitaka kumwinua mtoto ili anifute.

"Usimtoe," nikamwambia. "Mwache amalize."